Mtembezi wa Ambokile

Mfupa wa mkono wa Tusekile ulivunjika akisonga ugali. Hakuteleza, hakuanguka, hakugongwa na kitu. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mwiko, wa kushoto umeshika sufuria, unga ndio kwanza umeanza kushikana, mara akasikia kitu kikilia kah! kama kijiti kikavu kilichokanyagwa. Alidhani ni mwiko. Akautazama, akauona mzima. Ndipo alipokitazama kiganja chake, akakiona kimegeukia upande ambao kiganja hakigeukii.

"Baba Atu!" aliita.

Sebuleni mumewe alikuwa akijifunza sauti ya nne ya wimbo wa Jumapili, akiunguruma taratibu kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Aliacha kuimba.

"Naam, mama. Kimeshaiva?"

Aliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko, akausikia ugali ukianza kuungua.

*

Daktari Nsajigwa wa zahanati ya ubia pale Tukuyu alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila alipokuwa na habari mbaya. Siku hiyo aliisafisha kwa muda mrefu. Juu ya meza kulikuwa na picha ya mifupa ya Tusekile, inaelea hewani, nyeupe, imejaa matundu kama mkate uliochachuka kupita kiasi.

"Mama, una miaka arobaini na tisa," alisema. "Unapanda kilima kila asubuhi. Unabeba mawe mgongoni kwa mazoezi. Unakula mboga na maharage, hugusi pombe, unalala mapema. Ukipita barabarani watu wanasema, tazama mwanamke mwenye nguvu. Lakini mifupa hii ni ya bibi wa miaka themanini."

"Basi nitaongeza mwendo."

"Ukiongeza mwendo, unamwongezea mumeo."

Daktari akavuta kiti karibu.

"Nikueleze tena, maana mwaka jana nilikueleza ukaitikia tu. Msuli unapofanya kazi unatuma wajumbe kwenye damu. Mjumbe mmoja anakwenda kwenye moyo, anauambia, kaza. Mwingine anakwenda kwenye mfupa, anauambia, jijenge. Mwingine kwenye ini, choma sukari. Ndiyo faida yote ya jasho. Sasa wewe unarudi kutoka kilimani, unakaa kwenye mashine ya ubia kabla wajumbe hawajafika nyumbani kwao, ubia unawakusanya wote, unampa huyo mzee wako. Ulipokuwa na miaka arobaini na tatu mwili wako ulikuwa unatengeneza ziada. Na hedhi ilikuwa bado inailinda mifupa. Sasa hedhi imekwisha, ziada imekwisha. Unatembea, lakini hakuna habari inayofika kwako kwamba umetembea."

"Na nikiacha?"

Daktari alichukua tena miwani.

"Moyo wa mzee umefanyiwa kazi miaka sita. Ni kama mtu aliyebebwa mgongoni safari nzima. Ukimtua ghafla, miguu haiijui ardhi. Wiki mbili, pengine tatu, atakuwa amekwenda."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya kumwachisha, kama anavyoachishwa mtoto ziwa. Unapunguza kidogo kidogo, naye anaongeza kidogo kidogo. Atembee mwenyewe, anyanyue vitu vizito, apunguze chumvi na sukari, alale usingizi wa kweli. Misuli yake ijifunze upya kutuma wajumbe wake. Kwa umri wake inawezekana." Akasita. "Wapo wanaovuka, mama. Wapo wasiovuka. Lakini sheria iko upande wako. Mtembezi anaweza kuondoka siku yoyote, haulizwi na mtu."

Tusekile aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. Aliona kwamba hiyo ilikuwa sheria iliyotungwa na watu wasiolala kitanda kimoja na wapokezi wao.

*

Siku hizo neno "kumtembelea mtu" lilikuwa limebadilika maana katika nchi nzima, likawa kutembea kwa niaba yake. Alfajiri barabara ya kilima ilijaa watu waliovaa mikanda ya mkononi, wanapanda wakihema katikati ya mashamba ya chai, huku mashine za kuchuma zikitambaa zenyewe kwenye mistari. Watu walisalimiana, "Unamtembelea nani?" Mmoja angejibu, mama yangu. Mwingine, kaka yangu, ana sukari. Tusekile alikuwa akijibu kwa fahari, "Mume wangu." Kwenye kilima hicho hakukuwa na jibu lililoheshimiwa kuliko hilo.

Akirudi, mumewe Ambokile alikuwa tayari kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mnene, mcheshi, mwenye sauti nzito iliyofanya watoto wa kanisani wacheke na kina mama wafumbe macho. Miaka sita iliyopita moyo ulimwangusha akiwa kazini kwenye kiwanda cha chai, na tangu siku ile alikuwa hajapanda hata ngazi za madhabahu bila kushikwa. Tusekile aliketi kiti cha pili, mashine katikati, mrija mmoja kwake, mmoja kwa mumewe. Waliongea mambo ya nyumbani huku ikinguruma. Wakati mwingine Ambokile alimshika mkono. Ilikuwa saa yao.

Asubuhi aliyorudi kutoka zahanati alimweleza yote akiwa wima, bila kukaa. Ambokile alilia. Alilia wazi, kama mtoto, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Kwa nini hukuniambia mwaka jana?"

"Ungefanya nini?"

"Ningetembea!"

"Basi tembea sasa, baba."

"Kesho," alisema. "Naapa mbele za Mungu. Kesho."

Na kweli kesho yake alitoka. Tusekile alimwona dirishani akifika kwenye mpaka wa shamba la chai, akasimama, mkono kifuani, akageuka. Siku iliyofuata jirani alimrudisha kwenye toroli la kubebea majani. Uso wake ulikuwa wa kijivu na midomo ilikuwa inatetemeka.

"Mama Atu, niliona kifo," alinong'ona. "Usifikiri natania. Nilikiona kimesimama pale kwenye kona."

Tangu hapo akawa anatoka peke yake na kurudi baada ya muda, anasema amefika kwenye kona, amefika darajani, leo amepita hata daraja. Tusekile alifurahi. Alimpikia likolo la majani ya maboga bila chumvi, akamwona analila bila kunung'unika, akaamini. Mpaka siku moja ya mvua, mvua ile ya Rungwe isiyojua kuacha, alipochukua viatu vya mumewe mlangoni ili avioshe. Vilikuwa vikavu. Soli zake hazikuwa na hata chembe ya tope.

Alisimama na vile viatu mkononi. Kutoka sebuleni sauti ya nne ilikuwa inaunguruma, imeshiba, imetulia, sauti ya mtu aliyekaa kibandani kwa jirani akacheza drafti mpaka saa ya kurudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, waliosema hivyo walisema kweli. Mkono ulimuuma ndani ya plasta. Alivirudisha viatu pale pale.

Nyuma ya mashine ya ubia, chini, palikuwa na koki ndogo ya shaba ya kupimia kiasi. Fundi alikuwa amemwonyesha siku ya kwanza, kwamba ukiigeuza kushoto mpokezi anapata kidogo na kinachobaki kinarudi kwa mtembezi. Asubuhi iliyofuata, akijifanya anaokota kitambaa, Tusekile aliigeuza. Kidogo tu.

*

Alijiambia kwamba ni njaa itakayomtoa mumewe ndani. Mtu akinyimwa chakula atashika jembe. Akihisi nguvu zinapungua ataogopa, na woga utamfikisha pale ambapo maneno yameshindwa. Kila baada ya siku kadhaa aliigusa tena koki. Na kila alipoigusa alijiona mwizi, halafu, jambo lililomtisha zaidi, alihisi nafuu. Mwili wake ulikuwa unaanza kupokea habari. Alilala usingizi mzito. Magoti yaliacha kumuuma akishuka kilima. Alikuwa kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa jikoni, kisha akarudi chumbani kumuuliza kama anajisikia vizuri.

Ambokile alianza kupotea. Sauti ilitangulia. Jumapili moja alishindwa kumaliza mstari, akabaki amefungua mdomo huku kwaya ikiendelea bila yeye. Kisha vifundo vya miguu vikavimba. Akawa anasimama katikati ya sebule kuelekea chooni, ameshika mgongo wa kiti, anasubiri pumzi imfikie.

"Ubia umechoka, mama," alisema akiwa kwenye mashine, akitabasamu kwa shida. "Au mimi ndiye nimechoka?"

"Daktari alisema utembee."

"Kwa miguu hii?" Aliionyesha. "Nilipokuwa na nguvu niliogopa. Sasa sina hata nguvu ya kuogopa."

Tusekile alikaza macho ukutani. Alikuwa amesahau jambo moja ambalo kila mwenye kuotesha mche anajua, kwamba ukiunyima maji ili mizizi izame chini zaidi, wakati mwingine haizami. Unakauka tu. Alitaka kuirudisha koki. Usiku alikusudia, asubuhi alikumbuka picha ile iliyojaa matundu, akasema siku moja zaidi. Siku moja tu, labda leo atasimama.

Ambokile hakusimama. Alishika simu.

*

Atuganile alifika kutoka Mbeya na begi dogo, hata kabla mvua ya mchana haijaanza. Alikuwa mtoto wao wa pekee, miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Alimkumbatia baba yake, akakaa na mikono yake mabegani mwa mzee kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamfuata mama yake jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema unakuja?"

"Baba alinipigia. Nimeshapimwa, mama. Damu inakubali." Alikunja mkono wa blauzi, akaonyesha mahali ambapo mrija ulikuwa umeshachongewa mlango chini ya ngozi, kidonda bado chekundu. "Wewe pumzika. Nitamtembelea mimi."

Tusekile aliweka chini sahani aliyoshika. Aliuona mkono ule, laini, mnene, na akauona pia kama utakavyokuwa, kwa sababu alikuwa anautazama kila siku kwenye plasta.

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone."

"Haponi, Atu. Anatunzwa. Utaolewa, utabeba mimba, utafika umri wangu, na bado utakuwa unapanda kilima kwa ajili ya moyo usiotaka kupanda."

"Ni baba yangu. Unataka nimwache afe?"

Msichana alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeuliza kama kuna maji ya moto. Akarudi sebuleni. Tusekile alisikia kiti cha pili kikilia, kiti chake, na kitako cha mashine kikiburutwa sakafuni, na Ambokile akisema kwa sauti ya mtu aliyeokolewa majini, "Mungu akubariki, mama. Mungu akubariki sana."

Alitoka jikoni haraka kiasi kwamba aligonga mlango kwa mkono mbovu na maumivu yakampofusha. Alipoona tena, Atuganile alikuwa ameshashika mrija.

"Usiuweke," alisema. "Baba Atu, ubia haukuchoka. Ni mimi. Nimekuwa nikiifunga koki."

Mvua ilianza juu ya bati. Ilibidi arudie kwa nguvu, na mara ya pili ilikuwa vigumu kuliko ya kwanza.

Ambokile alimtazama. "Koki ipi?"

"Ya nyuma ya mashine. Nimekuwa nikikupunguzia tangu siku niliyokuta viatu vyako vikavu. Nilitaka uogope ili utoke."

"Ulikuwa unaniona," alisema polepole. "Ulikuwa unaniona navimba miguu, unanikanda kwa maji ya moto, na ni wewe."

"Ni mimi."

"Mama!" Atuganile alisimama. "Angekufa! Ungemzika, ukakaa msibani unalia mbele za watu?"

"Ningelia. Na kilio kingekuwa cha kweli." Tusekile hakuwa na mahali pa kuweka mikono yake. "Sikuja kuomba msamaha. Nilichofanya ni kibaya, nilijua ni kibaya kila asubuhi. Lakini msikilize mtu huyu akikubariki, Atu, kisha nitazame mimi. Mimi pia nilibarikiwa. Sijawahi kumlaumu hata siku moja, na angalia tulipofika. Yeye hawezi kutembea na mimi siwezi kusonga ugali. Ukikaa kwenye kile kiti, sitakuwa na nguvu ya kukutoa."

Mrija ulining'inia mkononi mwa Atuganile. Ambokile aliutazama, kisha akautazama mkono wa bintiye, pale palipo na kidonda chekundu, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Midomo yake ilifanya ile mitetemo aliyorudi nayo kwenye toroli.

"Toka kwenye hicho kiti, mwanangu," alisema.

"Baba..."

"Toka, nimesema."

Akashika mikono yote miwili ya kiti chake, akajisukuma. Mara ya kwanza alirudi chini. Atuganile alitaka kumshika, akamtikisia kichwa. Mara ya pili alisimama, akabaki anayumba, jasho likimshuka kwenye mashavu. Miaka sita mashine ile ilikuwa imemlisha, na hakujua hata imekaaje kwa nyuma.

"Nionyeshe hiyo koki," alimwambia mkewe.

Alimwonyesha. Ambokile alipiga magoti kwa shida, akaishika, akaiacha pale pale ilipokuwa imefikishwa.

"Kuanzia leo hii ni yangu. Nikiifunga nitaifunga mimi. Nikifa nitakuwa nimejiua mwenyewe, si kuuawa na mtu ninayemwita mke wangu." Akainua macho. "Na sikusamehe, Tusekile. Usisubiri."

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwita kwa jina tupu.

*

Ambokile alihamia chumba cha Atuganile. Msichana alikaa majuma machache, akamsindikiza baba yake mpaka mpakani mwa shamba, kisha mpaka kwenye kona, mwishowe akarudi Mbeya kwa sababu Ambokile alimfukuza. "Ukiwa hapa nitakuegemea," alimwambia. Kwa mkewe, hata walipoketi kila asubuhi kwenye mashine, hakusema zaidi ya kinachohitajika: chumvi iko wapi, nani amechukua mwavuli.

Haikuwa safari nzuri kuitazama. Asubuhi alisimama na kuketi, kusimama na kuketi, bila kushika kiti, mpaka mapaja yakagoma na akaanguka kwa kishindo kilichotikisa vikombe. Alijaza ndoo mchanga, akaibeba kuzunguka nyumba akitukana kwa sauti ya chini maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Chai bila sukari ilimliza kweli. Tusekile alimkuta ameinamia kikombe, machozi yanadondokea ndani. Alipolala mchana kwa uchovu, usiku alikesha, hivyo akajikataza kulala mchana, akawa anasinzia wima kama farasi. Na kila alipoona amepata nguvu kidogo, alipiga magoti nyuma ya mashine akaipunguza koki, na nguvu ile ikapotea, akaanza upya.

Mwezi wa sita, kwenye baridi kali, alianguka barabarani. Watembezi wenzake walimleta wamembeba, mapigo yanaruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Daktari Nsajigwa alikuja mwenyewe. Alisikiliza kifua, akamvuta Tusekile pembeni, akatoa miwani.

"Mama, tukifungua koki yote leo, atatulia mpaka kesho. Tusipofungua, siahidi."

"Na tukifungua?"

"Itakuwa mwanzo tena. Sidhani kama mwili utakubali mwanzo mwingine. Mtabaki kwenye ubia mpaka mmoja wenu aishe."

Tusekile alikwenda nyuma ya mashine. Mkono wake ulikuwa umeshatolewa plasta, mwembamba, wa rangi nyingine. Aliigusa ile koki ya shaba. Alikuwa tayari. Alijua gharama yake kwa mifupa yake yote, na alikuwa tayari, kwa kuwa kumwona anakufa mbele yake lilikuwa jambo jingine kabisa na kumpunguzia akiwa amempa mgongo.

"Acha."

Ambokile alikuwa amefumbua macho. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na chochote cha kwaya.

"Baba Atu, utakufa."

"Labda." Alivuta hewa. "Lakini acha."

Hakuigeuza. Aliketi sakafuni kando ya kitanda mpaka kukapambazuka, akihesabu mapigo ya mtu ambaye hakuwa ameongea naye vizuri kwa miezi, na hakuthubutu kumshika mkono.

Ambokile aliamka. Daktari hakuwa na maelezo, alisema tu kwamba moyo umechagua.

Tusekile naye alitembea asubuhi hizo, kwa mwendo wake, akibeba mawe yake, mbali nyuma au mbali mbele ya mumewe. Watu walipomuuliza, "Unamtembelea nani?" hakuwa na jibu walilolizoea. Siku moja alisema, "Najitembelea," wakacheka, wakadhani ni mzaha.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito alipomkuta Ambokile amesimama kwenye mwinuko wa mwisho, mikono magotini. Amekonda, nguo zinamning'inia. Alitaka kumpita kimya kama kawaida yao.

"Mama Atu."

Alisimama. Jina hilo lilimshika miguu.

"Naam."

"Nimeifunga leo. Yote. Kabla sijatoka." Alihema kati ya kila neno. "Sijui nitafika juu. Sijui hata kama nitarudi chini."

Tusekile alinyoosha mkono kumshika kiwiko. Ambokile aliutazama ule mkono, ule uliovunjika, akatikisa kichwa.

"Usinishike. Tangulia. Nataka nikuone mbele."

Tusekile akatangulia. Ukungu ulikuwa umemeza kilele, na barabara ilionekana hatua chache tu. Nyuma yake alizisikia pumzi za mumewe, nzito, zenye kukwaruza. Kila zilipokatika alitaka kugeuka, akakaza shingo, akaendelea kupanda. Zilikatika. Zikarudi.